Macho ya utu uzima na kompyuta ya mzamiaji

Haya ni mazungumzo ya juma kama yalivyosomwa redioni. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.

Ndugu msikilizaji, ukipanda daladala asubuhi utaona jambo moja. Kijana wa miaka 20 anaisoma simu yake ikiwa karibu kugusa pua. Pembeni yake ameketi mtu mzima wa miaka 45, naye ameisogeza yake mbali, mkono umenyooka, kidevu juu, na bado anakunja uso. Simu yake si mbovu, wala yeye si mgonjwa. Macho yake yameingia utu uzima.

Leo nataka tuwafuate watu hawa wawili hadi chini ya bahari, kwani huko tofauti yao inaacha kuwa jambo la kutaniana na inakuwa jambo la usalama.

Nitazungumzia wazamiaji. Nisemapo hivyo sina maana ya wale vijana wanaojificha ndani ya meli wakitafuta maisha ughaibuni. Nazungumzia watu wanaopiga mbizi wakiwa na mtungi wa hewa mgongoni: huko Nungwi na Mnemba, Ghuba ya Chole kule Mafia, kisiwa cha Misali karibu na Pemba, na kwa jirani zetu wa Kenya, Watamu na Diani. Wengi tulizoea kuuona mchezo huu kuwa ni wa watalii. Lakini wanaowaongoza watalii hao ni vijana wetu, na baadhi yao sasa si vijana tena. Aidha, wananchi wa kawaida wameanza kujifunza. Mimi mwenyewe nilianza mafunzo nikiwa na miaka 44, miwani ya kusomea ikiwa mfukoni. Tangu nilipolitaja jambo hilo hapa redioni, nimepata barua na ujumbe wenye swali moja kwa namna mbalimbali: nimepita arobaini, karibu sioni vizuri, je, ninunue kompyuta gani ya kuzamia ambayo nitaweza kuisoma?

Swali hili ni zuri, na jibu lake halianzii dukani. Tuanze na kazi ya kifaa chenyewe.

Kompyuta ya mzamiaji ni kifaa kidogo kinachofungwa mkononi kama saa, ingawa vingi ni vikubwa kuliko saa. Kazi yake ni kupima kina cha maji na muda, kisha kupiga hesabu. Hesabu ya nini? Ya naitrojeni. Hewa tunayovuta ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78. Hapa juu gesi hiyo inaingia mapafuni na kutoka bila kutudhuru. Lakini kila unapoteremka mita 10 baharini, kanieneo inaongezeka kwa kiasi kilekile cha kanieneo ya hewa hapa juu. Ukifika mita 10 imekuwa mara mbili, mita 20 mara tatu, na mita 30 mara nne. Kwa kanieneo hiyo, naitrojeni inayeyuka ndani ya damu na misuli kwa wingi zaidi. Ukipanda polepole, inatoka taratibu kwa njia ya pumzi. Ukipanda haraka, au ukiwa umekaa chini kupita kiasi, inafanya kama soda iliyofunguliwa kwa pupa: inatoa mapovu, safari hii ndani ya mwili wako. Matokeo ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na mara nyingine kupooza au kufa.

Jambo hili lilianza kueleweka vizuri mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane na wenzake walichapisha majedwali ya kuwaongoza wapiga mbizi, baada ya kufanya majaribio kwa kutumia mbuzi waliowekwa ndani ya chumba chenye hewa iliyoshindiliwa. Kwa miaka mingi wazamiaji walitegemea majedwali ya namna hiyo pamoja na saa na kipima kina. Mwaka 1983 kompyuta iitwayo Orca Edge ilianza kuuzwa, na kuanzia hapo hesabu zikahamia pole pole kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye mashine.

Ili tupate picha, jedwali la mafunzo la PADI linampa mtu anayezama kwa mara ya kwanza siku hiyo dakika 56 kwenye kina cha mita 18, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha mwanafunzi aliyehitimu daraja la kwanza. Akiteremka hadi mita 30, dakika hizo zinakuwa 20 tu. Kompyuta inafanya hesabu ya namna hii kila baada ya sekunde chache, kulingana na pale ulipo. Inakuambia uko mita ngapi, umekaa dakika ngapi, na umebakiwa na dakika ngapi kabla ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda ili kuiondoa gesi. Nitaziita dakika hizo za mwisho dakika za salama.

Sasa, msikilizaji, fikiria dakika za salama zilizobaki ni 3, nawe umezisoma kuwa 8. Mashine imefanya kazi yake sawasawa. Habari imekwama njiani, katikati ya kioo na jicho.

Kwa nini inakwama? Ndani ya jicho kuna lenzi. Ujanani lenzi hiyo ni laini, nayo hubadili umbo lake ili tuone kitu kilicho karibu. Miaka inavyokwenda inakakamaa. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi wengi wetu tunaanza kuhisi mabadiliko hayo, na yanaendelea mpaka miaka ya sitini. Hakuna aliyeepushwa, awe profesa au mvuvi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 826 duniani wana uoni hafifu wa karibu kwa sababu tu hali hii haikushughulikiwa, yaani hawana miwani inayowafaa.

Nimewasikia watu wakisema kwamba baharini tatizo hili linajitatua, kwa kuwa maji yanakuza vitu. Kuna ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Ukivaa barakoa ya kuzamia, ile yenye kioo inayofunika macho na pua, kitu kilicho majini kinaonekana kikubwa kwa kiasi cha theluthi moja zaidi. Samaki uliyemwona mkubwa wa kutisha akipandishwa mashuani anakuwa wa kawaida. Lakini kitu hichohicho kinaonekana pia kuwa karibu zaidi, kwenye robo tatu ya umbali wake halisi. Kompyuta iliyo sentimita 60 kutoka usoni, jicho linaipokea kana kwamba iko sentimita 45. Na karibu ndiko hasa jicho la utu uzima lisikotaka kwenda. Kwa hiyo mtu ambaye tatizo lake ndiyo kwanza linaanza anaweza kusaidiwa na ukuzaji huo. Yule anayetumia miwani ya kusomea yenye nguvu ya 2 au zaidi huenda akaona tarakimu kubwa zenye ukungu mkubwa.

Kuna jambo la pili, nalo ni mwanga. Kadiri unavyoteremka mwanga unapungua, na siku ambayo maji yamechafuka unapungua zaidi. Penye giza mboni ya jicho inafunguka. Ikifunguka, jicho linapoteza ule uwezo wa kuona vizuri vitu vya umbali mbalimbali kwa pamoja. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kuisoma orodha ya vyakula vizuri akiwa barazani saa sita mchana, kisha ikamshinda orodha ileile ndani ya hoteli yenye taa hafifu. Baharini, kwenye mita 18, wewe uko ndani ya hoteli ile.

Hapo wengine watasema: basi nitamfuata kiongozi, yeye anasoma kompyuta yake. La hasha. Kompyuta inahesabu kwa ajili ya mkono ulioivaa. Kiongozi anaweza kuwa mita tatu juu yako. Huenda jana hakuzama kabisa wakati wewe umezama mara mbili. Gesi iliyomo mwilini mwako haimo mwilini mwake. Kila mzamiaji ana hesabu yake, na lazima aweze kuisoma mwenyewe.

Baada ya kuyajua hayo, twende dukani.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba ukubwa wa kioo si ukubwa wa tarakimu. Kuna vifaa vyenye uso mpana lakini watengenezaji wameujaza habari kumi na mbili, kila moja kwa herufi za kunuizia. Mwanafunzi hazihitaji zote. Akiwa chini ya maji anahitaji kuona mambo matatu kwa mtazamo mmoja: kina, muda aliokaa, na dakika za salama. Akiwa anapanda anahitaji kuona kama anapanda upesi mno, maana mwendo unaoshauriwa siku hizi hauzidi mita 9 kwa dakika, na karibu na mita 5 anahitaji kuona ile saa inayohesabu dakika 3 za kusimama. Hayo mengine, kama joto la maji, kumbukumbu za mbizi zilizopita na saa za kusubiri kabla ya kupanda ndege, yanaweza kusomwa nchi kavu, miwani ikiwa usoni. Chagua kifaa ambacho yale matatu ndiyo yametawala uso wake.

La pili ni aina ya kioo. Vipo vya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni ya kijivu yenye tarakimu nyeusi, kama ile ya kikokotoo cha dukani. Inaonekana vizuri sana juani, inatumia betri kidogo, na bei yake ni nafuu. Kasoro yake ni kwamba penye giza inategemea taa ya ndani ambayo lazima uiwashe kwa kitufe, nayo huzimika baada ya sekunde chache. Aina ya pili ni ya rangi, inayong'aa yenyewe kama simu. Kwa macho yetu hii ina faida kubwa gizani, kwa sababu tarakimu zinawaka juu ya uso mweusi, na rangi inakuonya hata kabla hujaisoma namba. Kasoro zake ni bei, ambayo yaweza kuzidi mara mbili ya ile ya kwanza, na njaa yake ya umeme. Vingi vya aina hii vinachajiwa kama simu. Mahali ambapo umeme unakatika jioni na kurudi usiku wa manane, jambo hilo si dogo.

Nitoe mifano, bila kumfanyia mtu biashara. Cressi Leonardo ni ya kundi la kwanza: ina kitufe kimoja tu na tarakimu kubwa, na betri yake unaweza kuibadili mwenyewe. Shearwater Peregrine, iliyotoka mwaka 2020, ni ya kundi la pili: kioo chake cha rangi kina upana wa inchi 2.2 kwa kipimo cha kona hadi kona, ina vitufe viwili, na inachajiwa bila waya. Wanafunzi wanazitumia zote mbili. Nimezivaa zote mkononi bila miwani: ya kwanza nikaisoma vizuri barazani na kwa taabu ndani ya stoo, ya pili nikaisoma kote kuwili. Hayo ni macho yangu. Yako yanaweza kusema jingine, na hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

Kiini ni hiki: jaribu kifaa kwa macho uliyonayo, katika hali ya bahari na siyo ya duka. Namna ya kufanya ni rahisi. Vua miwani yako ya kusomea. Vaa barakoa utakayozamia. Mwombe muuzaji akiweke kifaa katika hali ya mbizi ya mfano, vingi vinayo, kisha nenda pembe ya duka isiyo na mwanga au ombeni taa izimwe. Nyoosha mkono, halafu ukunje nusu. Ndani ya muda wa kuhesabu moja, mbili, taja kwa sauti kina na dakika za salama. Muuzaji akuambie kama ni sahihi. Badilisheni namba, mrudie. Angalia hasa kama unatofautisha 3 na 8, na 6 na 9. Kisha washa taa ya ndani bila kuangalia kitufe, uone kama kidole kinakipata na taa inadumu kwa muda gani. Kama chuo chako kina bwawa, omba ukaijaribu ndani ya maji. Muuzaji anayekataa majaribio ya dakika kumi kwa bidhaa ya bei hiyo amekwisha kukujibu.

Usidanganywe na umbo la saa. Zipo kompyuta ndogo za kupendeza ambazo unaweza kuzivaa hata harusini. Kwa kijana ni sawa. Kwa mtu anayeisogeza simu mbali, uso mpana usio na madaha ndio unaomfaa. Wala usiegemee mlio wa tahadhari peke yake. Mlio unakuambia kuna jambo. Jambo gani, lazima usome.

Wengi wetu tutanunua mtumba, na si vibaya. Hakikisha tarakimu hazijafifia, kifuniko cha betri na mpira wake wa kuzuia maji ni vizima, na maelezo ya matumizi yapo. Kisha angalia vipimo. Kifaa kilichotoka Marekani huenda kimewekwa kwenye futi. Futi 60 ni mita 18 na kidogo. Ukichanganya futi na mita, hata macho ya kipanga hayatakusaidia. Badili mipangilio hiyo yote nyumbani mezani, miwani ikiwa usoni, na si kwenye mashua inayoyumba.

Pamoja na hayo yote, ndugu msikilizaji, kifaa ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni jicho. Kabla hujatoa fedha nyingi kwa kioo cha rangi, nenda kapime macho. Ukishajua nguvu ya miwani yako, kuna njia mbili. Ya gharama ndogo ni vilenzi laini vya plastiki ambavyo hubandikwa kwa maji upande wa ndani wa kioo cha barakoa, sehemu ya chini, pale macho yanapoangukia unapotazama mkono. Vibandike siku moja kabla ili vishike. Ya gharama kubwa zaidi ni barakoa yenye lenzi zilizotengenezwa kwa ajili yako, sehemu ya chini ikiwa ya kusomea. Usikubali lenzi ya kusomea ijaze kioo chote, kwa maana hapo utaiona kompyuta na hutamwona mwenzako wala mashua. Wenye kuvaa lenzi za kwenye jicho waulize daktari wa macho kwanza. Mtu aliyebandika vilenzi vinavyomfaa anaweza kukisoma vizuri kifaa cha bei nafuu ambacho jana kilimshinda.

Nimalizie na wale ambao hawazami kwa starehe. Wako viongozi wa wazamiaji waliofikisha miaka 45 au 50, wanaojua kila mwamba wa eneo lao, na ambao karibu hawaoni vizuri. Baadhi yao hawasemi, kwa kuhofia kuambiwa wamezeeka na kupoteza kibarua. Mmoja aliniambia kwamba anakadiria kina kwa rangi ya maji na masikio yake. Uzoefu huo ni mali, lakini masikio hayahesabu naitrojeni, na nyuma yake wanaogelea watu wanne au sita waliomkabidhi roho zao. Kwa wenye vituo nasema: wapimeni macho wafanyakazi wenu kila mwaka, na lipieni vilenzi hivyo. Gharama yake hailingani hata kidogo na safari ya mgonjwa mmoja kutafuta chumba cha kumrudisha kwenye kanieneo ili atibiwe. Na kabla ya hapo, kila kituo kijue chumba cha aina hiyo kilicho karibu kiko wapi, kama kinafanya kazi, na nani wa kumpigia simu.

Kwa viongozi wenyewe nasema: hakuna aibu katika lenzi ya jicho kukakamaa. Aliyefika umri huo amefika kwa kuwa hakuzembea. Kamwambie mwajiri wako, kamwambie na mwenzako wa mbizi, ili naye ajue kukuonyesha namba kwa vidole pale inapobidi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.